BARUA ZA MENO ZIMELALA WAPI?

Ndugu Wafanyakazi,

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo mchana watu hulicheka, lakini likimshika mtu usiku hacheki tena. Nataka kusema juu ya meno, na juu ya barua tunazoiandikia Serikali kwa ajili ya matibabu ya meno, barua ambazo hazijibiwi.

Najua yuko atakayeuliza: chama cha wafanyakazi kina kazi gani na meno? Kazi ya chama ni mshahara, saa za kazi, nyumba na kiinua mgongo. Namjibu hivi: pesa ya matibabu inakatwa katika mshahara, na mshahara ni kazi ya chama. Tena mtu ambaye hakulala siku mbili kwa jino, kesho yake anasimama katikati ya mabehewa yanayotembea. Akikosea hatua moja, chama ndicho kitakachokwenda kuzika. Basi neno hili ni letu.

JINO SI JAMBO DOGO

Jino halianzi kuuma siku moja. Huanza na doa, doa likawa tundu. Tundu likiwa dogo, daktari hulisafisha akaliziba, na mtu hurudi kazini bila shida. Likiachwa, uozo hufika ndani penye mishipa, na hapo usingizi hukimbia. Likiachwa tena, usaha hukusanyika chini ya jino, shavu likavimba. Uvimbe ukishuka shingoni unaweza kubana pumzi, na mtu akafa. Hayo si maneno ya kutishia watoto, daktari yeyote wa meno atakuambia vivyo hivyo.

Sasa angalieni jambo moja, maana ndilo shina la maneno yangu yote. Jino ambalo leo ni la kuzibwa, baada ya miezi michache ni la kung'olewa. Na jino la mtu mzima likishang'olewa halioti tena. Kwa hiyo katika mambo ya meno, kuchelewa si usumbufu tu. Kuchelewa kunageuza ugonjwa mdogo kuwa mkubwa, na matibabu ya bei ndogo kuwa ya bei kubwa.

Wala si watu wachache. Mwaka 2015 Serikali yetu ilifanya uchunguzi wa afya ya kinywa katika nchi nzima. Katika kila watu wazima 100, kama 98 walionekana na fizi zinazotoa damu, na kama 34 walikuwa na meno yaliyooza. Katika kila watoto 100, kama 24 walikuwa na meno yaliyooza, na kama 41 walikuwa na meno yaliyobadilika rangi kwa sababu ya floridi nyingi katika maji. Sisi tunaokaa Nakuru na Naivasha hatukuhitaji kuambiwa hilo la mwisho. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita, ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kisizidishwe. Watazameni watoto wetu wakicheka, mtaona.

Shirika hilohilo lilisema mwaka 2022 ya kwamba watu karibu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa. Basi mtu asituambie kwamba jino ni anasa ya matajiri.

BARUA TATU, MIHURI MITATU

Sasa nitaeleza yaliyotupata sisi. Sitataja hospitali wala ofisi, kwa kuwa sitaki mtu mmoja abebe aibu ambayo ni ya wengi.

Mwaka 2024 kiti cha meno katika hospitali moja ya serikali kiliharibika. Wagonjwa wakaambiwa: kung'oa tunang'oa, kuziba hatuzibi. Mwenzetu mmoja wa gengi ya njia alikuwa na gego lenye tundu, tena tundu dogo. Akaambiwa achague: ling'olewe, au aende kwa daktari wa kujitegemea. Bei ya huko ilikuwa nje ya mfuko wake. Lakini alisikia watu wakisema kiti kitatengenezwa karibuni, kwa hiyo akaona ni afadhali angoje.

Tukaandika barua yenye maswali matatu tu. La kwanza: kiti kitatengenezwa lini? La pili: wakati huu, mtu wa kuziba jino aende hospitali gani ya serikali? La tatu: bima yetu inalipa kitu gani katika matibabu ya meno? Barua ikapelekwa kwa mkono, ikapigwa muhuri, tukabaki na nakala.

Wiki zikapita. Tukaandika ya pili, ikapigwa muhuri. Tulipokwenda kuuliza tukaambiwa kwa mdomo kwamba faili liko kwa mkubwa, na mkubwa yuko mkutanoni. Baadaye tukaambiwa maneno ya kiti si ya hospitali, ni ya Serikali ya Kaunti. Tukaandika ya tatu huko. Huko wakasema maneno ya bima si yao, ni ya Nairobi. Miezi saba ikaisha. Tulikuwa na barua tatu, mihuri mitatu, na jibu hata moja hakuna.

Mwenzetu yule alivimba shavu mwezi wa tano. Alipelekwa hospitali usiku, akachomwa sindano, akapewa dawa, na gego likang'olewa baada ya uvimbe kupungua. Alikosa kazi siku sita. Hakufa, tunamshukuru Mungu. Lakini gego lake limekwenda, na lilikuwa la kuzibwa.

Nataka mnielewe vizuri. Silalamiki kwamba kiti kiliharibika. Kila chombo huharibika, sisi wa karakana tunajua. Nalalamika kwamba hatukuambiwa. Kama mwezi wa kwanza tungaliandikiwa mistari miwili, "Kiti hakitatengenezwa mwaka huu, nendeni hospitali fulani," mwenzetu angalipanda gari akaenda huko. Jibu la mistari miwili lingaliokoa jino la mtu.

RELI INATUFUNDISHA NINI

Sisi watu wa reli tunajua thamani ya jibu kuliko watu wengi. Katika njia moja, ambapo gari linalokwenda na gari linalokuja hutumia chuma kilekile, Bwana Stesheni hatoi gari mpaka ameuliza stesheni ya mbele kama njia ni wazi. Stesheni ya mbele lazima ijibu. Ikijibu "wazi", gari linakwenda. Ikijibu "si wazi", gari linangoja, na dereva anajua kwa nini anangoja. Swali na jibu huandikwa katika kitabu, pamoja na saa na dakika.

Fikirini Bwana Stesheni wa mbele akiwa na desturi ya kupokea swali, kulipiga muhuri, na kuliweka mezani! Magari yangejaa katika stesheni, mizigo ingeoza, abiria wangelala juu ya masanduku yao. Au dereva mmoja angechoka kungoja, akaondoka bila ruhusa, na tungekwenda kuokota maiti. Hakuna reli duniani inayoweza kuendeshwa hivyo, na mkubwa asiyejibu asingemaliza wiki moja kazini.

Basi kwa nini tunakubali kwamba ofisi za matibabu ziendeshwe hivyo? Jibu la "hapana" ni jibu, mtu akiambiwa hapana hutafuta njia nyingine. Ni kunyamaza ndiko kunakomfunga mtu mahali pamoja, kwa sababu anayenyamaziwa huendelea kutumaini. Mwenzetu hakuponzwa na ubishi, aliponzwa na kutumaini.

PESA HAICHELEWI

Tazameni sasa jambo la pesa. Tangu mwaka 1966 tulikuwa na N.H.I.F. Tarehe 1 Oktoba 2024 ikaondoka, ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2023. Sasa kila mfanyakazi hukatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 za mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa shilingi 825 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 9,900.

Pesa hizo hazina mkutano, wala hazisemi "faili liko kwa mkubwa." Mwajiri anatakiwa kuzipeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na akichelewa anatozwa faini. Mimi siwapingi waliotunga sheria hiyo, kwa maana bima bila pesa ni jina tu. Ninachouliza ni hiki: kama Serikali inaweza kuhesabu siku za pesa zetu, inashindwaje kuhesabu siku za barua zetu? Mtu anayelipa kwa tarehe anastahili kujibiwa kwa tarehe.

Na hasa wakati mpango mmoja unapoondoka na mwingine kuingia, watu wana maswali mengi. Desturi za zamani zimekwisha, na za mpya hatujazizoea. Huo ndio wakati ambao ofisi ingepaswa kujibu upesi zaidi.

BARUA HUPOTELEA WAPI

Nimejaribu kufikiri kwa nini barua hizi hulala, na naona sababu tatu.

Ya kwanza ni mgawanyo wa kazi. Tangu mwaka 2013, kwa Katiba ya mwaka 2010, hospitali za kaunti na dispensari ziko chini ya Serikali za Kaunti. Hospitali kuu za rufani za taifa na siasa ya afya ya nchi ziko chini ya Serikali ya Taifa. Bima nayo ina mamlaka yake. Mimi sioni ubaya katika mgawanyo huo. Lakini jino moja la mtu mmoja linaangukia kote kutatu: kiti ni cha kaunti, mwongozo ni wa wizara, malipo ni ya bima. Kila ofisi ikipokea barua huona sehemu yake tu, na yale mengine husema si yake. Barua hutembea kama behewa lisilo na karatasi, kila stesheni hulisukuma mbele na hakuna anayelifungua.

Ya pili ni woga. Karani mdogo huogopa kuandika "kiti hakitatengenezwa" kwa sababu maandishi yanaweza kumrudia. Mkubwa naye huogopa kuandika tarehe kwa sababu huenda tarehe ikapita. Hivyo wote huona kunyamaza ni salama. Ni salama kwao, kwa mgonjwa si salama.

Ya tatu ni sisi wenyewe tulivyo kama wananchi. Wengi wetu tukipeleka barua na kupigiwa muhuri, hufikiri kazi imekwisha. Hatuandiki siku katika kitabu wala haturudi. Mpole akinyamaza, anayenyamaza mwenzake hufurahi.

SHERIA INASEMA NINI

Watu wengi hawajui kwamba sheria imekwisha kutoa siku za kujibu. Basi nieleze kwa lugha nyepesi, kila mtu ayakate maneno haya ayaweke.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya bora inayoweza kufikiwa. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za serikali kwa haraka, kwa uhodari, kwa sheria na kwa haki. Sikilizeni neno la kwanza: kwa haraka. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inasema raia ana haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti yake, na inasema wazi kwamba wakubwa wa kaunti wana wajibu wa kuyajibu maombi hayo upesi.

Halafu iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Hii ndiyo yenye hesabu ya siku. Raia akiomba habari kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, ofisi lazima iamue na kumjibu katika siku 21. Kama kazi ya kutafuta habari ni kubwa, inaweza kuongeza siku 14, tena mara moja tu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, lazima itolewe katika saa 48. Kama habari iko katika ofisi nyingine, ofisi iliyopokea barua haina ruhusa ya kusema tu "si yetu", bali lazima ipeleke ombi huko katika siku 5. Asiyejua kuandika lazima asaidiwe. Ombi lenyewe halina malipo, ila mtu anaweza kudaiwa gharama ya kunakili makaratasi. Na mwombaji halazimiki kusema anaitakia nini habari hiyo.

Nimependa neno moja zaidi katika sheria hiyo. Inasema ofisi isipojibu katika siku zilizowekwa, ihesabiwe kwamba imekataa. Sheria imeita kunyamaza kwa jina lake, yaani kukataa. Na aliyekataliwa ana siku 30 za kupeleka mashtaka kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo watu huiita Ombudsman, ile yenye maneno "Hata mnyonge ana haki." Tume hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kazi yake mojawapo ni kuchunguza ofisi zisizowajibu watu. Tena ofisa wa habari asiyejibu katika siku zake anaweza kushtakiwa, na faini ni hata shilingi 50,000, au kifungo cha hata miezi mitatu, au vyote viwili.

Basi sheria tunayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuhesabu siku.

WATAKAOTUPINGA

Watasema: madaktari wa meno ni wachache, barua ni nyingi. Ni kweli madaktari ni wachache. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974 tu, na wengi wanaohitimu hubaki mijini. Lakini barua haijibiwi na daktari wa meno, hujibiwa na karani mwenye kalamu. Hatuombi daktari aache koleo akaandike barua.

Watasema: jibu halizibi jino. Ni kweli tena. Lakini jibu humwambia mtu aende wapi jino lizibwe, au aweke akiba ya kiasi gani, au angoje mpaka lini. Pasipo jibu hata mwenye pesa kidogo hajui aitumie au aiweke.

Watasema: mnawachongea wafanyakazi wenzenu wa ofisini. Hapana. Karani ni mfanyakazi kama sisi, na pengine meza yake ina mafaili ya watu watatu walioacha kazi na hawakurudishiwa wengine. Akiwa hivyo, na aseme, na chama chake kiseme, nasi tutamuunga mkono. Hata madaktari wa meno wana chama, wako pamoja na madaktari wengine na wafamasia. Waligoma siku 100, kutoka tarehe 5 Desemba 2016 mpaka tarehe 14 Machi 2017, wakidai mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2013. Wakagoma tena siku 56 mwaka 2024. Watu hao wanajua uchungu wa kungoja neno la Serikali. Hatuna ugomvi nao, maana wanaongoja katika chumba cha daktari na daktari mwenyewe wamekaa katika benchi moja.

Na wengine watasema: hii ni siasa. Kama kuuliza kiti kitatengenezwa lini ni siasa, basi kung'olewa gego kumekuwa siasa pia, nami sikulijua hilo.

TUFANYE NINI

Mwalimu wetu katika shule ya misheni alitufundisha barua kwa kiboko: mahali, tarehe, salamu, neno lenyewe, sahihi. Alisema barua isiyo na tarehe ni kama kuku asiye na mguu. Nashukuru kwa kiboko hicho. Sasa natoa shauri langu kwa matawi yote.

Kwanza, tuache kuandika barua za kulia tu. Barua ya kusema "tunateseka sana, tafadhali tusaidieni" huwekwa kando kwa sababu haina swali. Tuandike barua ya kuomba habari, kwa maana hiyo ndiyo yenye siku 21. Kwa mfano: "Mimi ni raia wa Kenya. Kwa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba kujulishwa haya. Moja, kiti cha meno cha hospitali hii kiliharibika lini, na kimepangiwa kutengenezwa lini. Mbili, ni hospitali gani za serikali katika kaunti hii zinazoziba meno leo. Tatu, bei ya kuziba na ya kung'oa ni kiasi gani, na bima inalipa kiasi gani." Inatosha. Maswali matatu, karatasi moja.

Pili, barua itiwe sahihi na mwanachama kwa jina lake mwenyewe, pamoja na anwani yake, na tawi liweke nakala. Haki ya habari ni ya raia, basi raia aonekane.

Tatu, barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, juu ya nakala yetu. Asiye na muhuri hana barua.

Nne, kila tawi linunue kitabu kimoja, kama kile cha Bwana Stesheni. Tuandike: barua imekwenda lini, kwa nani, siku ya 21 ni lini, jibu limekuja lini. Siku ya 21 ikipita, siku ya 22 twende kwa Ombudsman bila matusi na bila kelele, na nakala zetu mkononi. Tusingoje miezi saba tena.

Tano, mwenye shavu lililovimba asingoje barua. Aende hospitali siku hiyohiyo. Barua ni kwa ajili ya wale wanaofuata.

TUNAYOTAKA KWA SERIKALI

Hatutaki makubwa. Tunataka mambo manne.

Kila hospitali ya serikali yenye chumba cha meno ibandike mlangoni, kwa Kiswahili, ni kazi gani inafanyika leo na gani haifanyiki, na anayekosa aende wapi. Karatasi hiyo moja ingeondoa nusu ya barua zetu.

Kila barua ijibiwe kwa maandishi. Kama jibu kamili halijawa tayari, iandikwe tu: "Tumepokea, tutawajibu tarehe fulani." Ofisi nyingi zimebandika ukutani ahadi za huduma, zenye siku za kujibu barua. Basi ukuta na meza vikubaliane.

Barua iliyokosea mlango ipelekwe na ofisi yenyewe, kama sheria isemavyo, na mwandishi aambiwe imekwenda wapi. Mgonjwa asifanywe tarishi wa Serikali.

Na Mamlaka ya bima iwaambie wafanyakazi kwa maneno mepesi ni matibabu gani ya meno inayolipa, kiasi gani, na hospitali zipi. Tunalipa kila mwezi, tujue tunanunua nini.

Ndugu zangu, reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu siku hizo kazi ya reli ni kuuliza na kujibu. Gari halikupita kwa sababu wakubwa walikuwa wema, lilipita kwa sababu jibu lilikuwa sheria na kitabu kilikuwa wazi. Katika mambo ya meno sheria iko tayari. Kitabu ni sisi tutakaokifungua. Mwanachama ambaye ana jino lenye tundu na swali lisilojibiwa, aje ofisini kwa tawi Jumamosi hii. Karatasi iko, kalamu iko, na siku ya kwanza ya zile 21 itaanza siku barua itakapopokelewa.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli, Nakuru